Kikuku

Mfupa mdogo kuliko yote mwilini
huitwa kikuku, mfano wa kile anachokanyagia mpanda farasi.
Wangu uliota mfupa mwingine kandoni, ukagandia dirishani.
Daktari Quintela alinichorea nyuma ya risiti ya duka la dawa:
nyundo, fuawe, kikuku,
utadhani ninafuga mhunzi kichwani.
"Mhunzi hajambo," alisema, "mlango wake ndio uliokwama."

Mama yalimpata baada ya mimba ya tatu.
Mimi, ya pili.
Sikio halilali na njaa, husema watu.
La mama lililala nayo miaka ishirini na tisa
hadi Jumanne ile, kengele za kanisa zikimlilia yeye.

Kiwandani hakuna aliyejua.
Katikati ya mitambo mia na kumi ya kufumia sufu,
wenzangu wakipayuka hadi mishipa ya shingo kuwasimama,
mimi ndiye niliyesikia. Ndiyo ajabu ya maradhi haya:
penye kelele hulegea kidogo.
Msimamizi akibweka, wote hunigeukia mimi:
Deolinda, kasema nini?
Nikifika nyumbani, kwenye utulivu, nageuka gogo.

Walinitia ganzi, si usingizi.
Walikitoa kikuku changu, wakaweka pistoni
nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo.
Kisha daktari akanong'ona, mbali, kama kutoka bondeni:
"Sema ishirini na saba."
"Ishirini na saba," nikasema.
Nesi akacheka, nami nikamsikia akicheka
ndani ya barakoa.

Usipige chafya mdomo umefumba.
Usibebe ndoo. Usiiname.
Nilitembea kwa kushika kuta, sakafu ikiyumba,
na supu ya kabichi, upande wa kulia wa ulimi,
ilikuwa na ladha ya sarafu.

Wiki ya sita wakanipima.
Maduara mekundu yaliyokuwa yamezama chini ya karatasi
yalikuwa yamepanda karibu na ukingo.
Pengo la desibeli thelathini na nane
limebaki sita.
Matokeo mazuri sana, aliandika daktari. Nikatia sahihi.

Karatasi haikupima jokofu linavyonguruma usiku.
Haikupima gazeti: likifunuliwa, bati linang'olewa.
Wala sauti yangu mwenyewe, kumbe ni ya puani.
Kiwandani sasa natia pamba, naomba likizo,
wenzangu wananigeukia nami sina la kuwapa.

Wala haikumpima Abílio.

Miaka kumi na miwili aliosha sahani akinipa mgongo,
nami nikiona taya lake likisogea,
nikidhani anatafuna.
Jioni ya kwanza bila bendeji nikasikia:
"Na leo tena sikumwambia."

"Hukumwambia nani?" nikauliza.

Sahani ilianguka. Sijapata kusikia kitu kikivunjika
kwa ukamilifu namna ile,
kipande kwa kipande, hadi kile cha mwisho
kilichozungukazunguka chini ya jiko.
Akaokota vyote. Akasema imemteleza.
Tangu hapo anaosha kimya,
na kimya hicho nakisikia chote.

Basi nimehamisha kiti.
Nakaa na soksi zangu za kutia viraka,
sikio bovu, la kushoto, nikimwelekezea yeye,
zima nikilielekeza dirishani, kwenye theluji ya mlimani,
kama mtu asiye na habari.
Siku ya nne, taya likaanza tena.
Trekta. Kaka yake wa Lyon. Kiasi fulani cha pesa.
Sijalipata lote bado; maji ya bomba hula maneno ya katikati.

"Na la kushoto?" daktari aliniuliza juzi, kalamu mkononi.
"Tukupangie Machi?"

Nikamwambia aliache kwanza.
Lina kazi.